Maswali ya Wapiga Vinanda: Kinanda cha Bei ya Gari

Katika toleo lililopita niligusia kwa aya mbili tu habari za sinthesaiza kubwa (vinanda vya umeme vya kuundia sauti) za Yamaha, Korg na Roland, nami sikudhani kama aya mbili zingezaa barua nyingi kiasi hiki. Karibu wote walioandika wanauliza jambo moja kwa sura tofauti, yaani wanamuziki wenye vinanda hivyo vya bei kubwa wanavionaje baada ya kuishi navyo. Nimechagua barua sita na kuzijibu kwa kadiri ya uzito wake, nikiongeza maoni ya wapiga vinanda kadhaa niliozungumza nao.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya hapa Morogoro. Kamati yetu imechangisha fedha kwa mwaka mzima na sasa tunazo shilingi milioni 11. Wanakamati wanataka tununue Yamaha Montage kwa sababu waliiona katika video za makanisa makubwa ya ng'ambo. Mimi nimezoea vinanda vya Yamaha vya aina ya PSR, na ninaogopa kusema neno nisije nikaonekana nakwamisha maendeleo. Wanaoimiliki wanasemaje?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na hofu yako ina msingi. Montage ilitoka mwaka 2016, ikafuatiwa na Montage M mwaka 2023, na hakuna mpiga kinanda niliyezungumza naye aliyesema kwamba sauti zake ni mbaya. Tatizo ni lile ambalo wauzaji wengi hawalitaji mpaka mteja alipe. PSR yako ni kinanda cha staili: unashika kodi, yaani sauti kadhaa kwa pamoja, kwa mkono wa kushoto, na ngoma, besi na gitaa vinakufuata vyenyewe, ukitaka kuanza kuna kitufe cha utangulizi, na ukitaka kumaliza kuna kitufe cha hitimisho. Montage haina staili za namna hiyo. Ina maelfu ya mapigo mafupi yanayoweza kufuata kodi zako, lakini kuyapanga mpaka yawe wimbo kamili ni kazi ya siku kadhaa, tena ya mtu mwenye subira. Sinthesaiza ya daraja hilo imetengenezwa kwa ajili ya mpigaji aliyezungukwa na mpiga ngoma, mpiga besi na mpiga gitaa. Nalijua kanisa moja ambalo kinanda cha namna hiyo kilizinduliwa kwa shangwe, na Jumapili ya tatu PSR ya zamani ikarudishwa mahali pake, kwa sababu waimbaji walikuwa wakiuliza ngoma imekwenda wapi.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuipelekea kamati ni kama kwaya ina mpiga ngoma na mpiga besi wa kudumu. Kama hawapo na hawatarajiwi, basi fedha hizo zinatosha kununua PSR ya ngazi ya juu, mathalani SX900 iliyotoka mwaka 2019, na chenji ikabaki ya spika nzuri. Kama wapo, tuendelee kuzungumza juu ya Montage.

Mpapasa kinanda mmoja wa Dar es Salaam anayepiga dansi na harusi aliniambia kwamba kilichomfanya aipende ni uwezo wa kubadilisha sauti katikati ya wimbo bila ile ya kwanza kukatika ghafla. Ameshikilia kodi kwa nyuzi, anabonyeza sauti ya ogani, na nyuzi zinaendelea kulia mpaka atakapoachia vidole. Kwa asiyepiga jukwaani hilo ni dogo, lakini kwa yule aliyewahi kuacha shimo la ukimya katikati ya kiitikio mbele ya maharusi, ni sababu ya kutosha ya kufungua pochi. Mwenzake, anayepiga katika kanisa moja la mjini, alikuwa mkweli zaidi: kati ya sauti karibu 2,000 zilizokuja na kinanda chake, anatumia sita, yaani piano mbili, nyuzi, ogani, piano ya umeme, na ile sauti nyororo ya kusindikiza maombi. Nilimwuliza kama anajuta, akacheka, akasema kwamba hizo sita anazipenda sana.

Wa tatu hakuzungumzia sauti hata kidogo, alizungumzia mgongo wake. Montage 8, yenye funguo 88 nzito za kinyundo kama za piano, ina kilo 29 kabla hujaitia katika sanduku lake gumu. Hicho si chombo cha kupanda nacho bajaji. Yeye huhitaji mtu wa pili kila anapotoka na gari lenye nafasi kila anaporudi, na gharama hizo hazikuwamo katika hesabu alipokuwa akinunua. Ndiyo maana wapigaji kadhaa walinielekeza kwa MODX, mdogo wake Montage, aliyetoka mwaka 2018. Ana mtambo uleule wa sauti zilizorekodiwa na aina ileile ya sauti za FM, yaani zile zinazoundwa na mtambo wenyewe bila kurekodiwa, ingawa sauti za FM zinazoweza kulia kwa pamoja ni 64 badala ya 128. MODX6, yenye funguo 61, ina kilo 6.6 tu, na ilipotoka bei yake ilikuwa chini ya nusu ya bei ya Montage 6. Ulichopoteza utakijua kwa vidole: funguo ni nyepesi na za kawaida zaidi, na hazina ule uwezo wa kuhisi mkandamizo baada ya ufunguo kufika chini, ambao wapigaji wengine hutumia kuitetemesha sauti ya fidla au tarumbeta. Msikilizaji aliyekaa benchi la tano hatajua tofauti, ila mpigaji ataijua, na ni haki yake kuijali.

Kuna jambo jingine ambalo nimelikuta katika kumbi na makanisa mengi, nalo linaniudhi kiasi kwamba nitalirefusha. Piano za vinanda hivi zimerekodiwa kwa njia mbili, kushoto na kulia, na sehemu kubwa ya uzuri wake imo katika tofauti iliyopo baina ya njia hizo. Fundi mitambo anapokupa waya mmoja tu uingie katika mixa, njia hizo mbili huchanganywa kuwa moja, na baadhi ya mawimbi yake hufutana. Piano iliyokuwa pana na yenye kina katika hedifoni hutoka katika spika ikiwa nyembamba, kama iliyowekwa ndani ya debe. Mpigaji hulaumu kinanda, fundi humlaumu mpigaji, na fedha za kwaya zimekwisha kutumika. Dai nyaya mbili na njia mbili katika mixa, na kama ukumbi una mfumo wa spika wa njia moja, tafuta katika kinanda sauti ya piano iliyotengenezwa kwa njia moja. Sinthesaiza kubwa nyingi huwa nayo, imefichwa mwishoni mwa orodha.

Ningekuwa mjumbe wa kamati yenu, na tungekuwa na mpiga ngoma, ningenunua MODX yenye funguo 88, pedali mbili imara, stendi isiyoyumba, spika ya kumwezesha mpigaji kujisikia, na fedha iliyobaki ningemlipa mwalimu wa kukufundisha kupiga wimbo ukianzia sauti yoyote, nyeupe kwa nyeusi. Nasema hivi bila kukudharau, kwa kuwa wengi wetu tuliotoka katika solfa tulizoea kupiga funguo nyeupe na kukiachia kitufe cha kuhamisha wimbo mzima juu au chini kifanye kazi iliyobaki. Kitufe hicho kipo katika Montage pia, na kinafanya kazi vizuri sana, jambo ambalo wanakamati wako hawana haja ya kulijua.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mpiga kinanda katika bendi moja ya dansi jijini Dar es Salaam. Vyombo vyote ni vya mwenye bendi. Nina akiba ya kutosha kununua Roland Fantom yangu mwenyewe, lakini wazee wa bendi wananiambia kwamba mwanamuziki mwenye chombo chake anajitafutia matatizo. Je, wana hoja?

JIBU: Wanayo hoja, na imetokana na historia yao. Dansi la Tanzania lilikua katika utaratibu ambao chombo hakikuwa cha mpigaji. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na jina lake lilibadilika kila chama kilipobadilika, ikawa JUWATA, kisha OTTU, mpaka leo tunaijua kama Msondo Ngoma. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, iliingia mikononi mwa shirika la maendeleo la jiji, ndipo ikaitwa DDC Mlimani Park. Mwanamuziki aliajiriwa, akakuta gitaa au kinanda kinamsubiri, na siku alipochukuliwa na bendi nyingine aliondoka na vidole vyake tu. Mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi, naye mwanamuziki hakubeba gharama ya nyuzi zilizokatika wala spika iliyoungua. Wazee wako wanaogopa kwamba ukileta Fantom, mwenye bendi ataitumia kila usiku kwa ujira uleule, na ikiharibika itakuwa ni yako.

Kwa upande wangu naona dunia ya mpigaji wa leo imebadilika kiasi cha kuipunguza nguvu hoja hiyo. Bendi zinazopiga usiku wote kwa mshahara zimepungua, na riziki kubwa iko katika shughuli za siku moja moja: harusi, mikutano, kurekodi, na kumsindikiza msanii wa bongo fleva anayetaka kupiga laivu. Katika kazi hizo anayepigiwa simu kwanza ni yule ambaye ana chombo, kwa maana anayeandaa shughuli hataki kuanza kutafuta cha kukodi. Mpigaji mmoja aliniambia kwamba tangu anunue kinanda chake hajaongeza ufundi hata kidogo, ila simu zimeongezeka. Mwingine alisema kilichobadilika ni sauti yake ya kupatana bei, kwa sababu sasa anataja bei mbili, ya mikono yake na ya chombo chake, na mteja anaona haki ilipo.

Nunua, lakini kabla ya kukipeleka chombo bendini, andikiana na mwenye bendi. Karatasi moja inatosha: ni chako, anakikodi kwa kiasi fulani kila onyesho, na kikiharibika kazini matengenezo yatalipwa na nani. Akikataa, endelea kupigia kinanda chake, na Fantom ibaki nyumbani kwa kazi zako. Hata hivyo, usiiache nyumbani bila kuigusa. Fantom ya mwaka 2019 ina pedi 16, kioo cha kugusa, vitelezi na vitufe vingi vya kuzungusha, na mtu anayekutana navyo kwa mara ya kwanza jukwaani, gizani, huku mwimbaji amekwisha kuingia, hatafurahia umiliki wake.

SWALI: Assalamu alaykum Mwalimu. Natoka Tanga, napiga taarabu. Nina PSR ya kawaida na wazee wananilaumu kwamba makamu yangu, yaani zile ngazi za sauti za Kiarabu, hayakai sawa, hasa nikipiga ile ya bayati. Je, nikinunua sinthesaiza ya bei kubwa tatizo litakwisha?

JIBU: Wa alaykum salaam. Wazee wako wana masikio mazuri, na tatizo lao haliponywi kwa bei. Katika bayati inayoanzia Re, ile Mi inakaa katikati ya Mi ya kawaida na Mi iliyoshushwa nusu toni, na katika rasti inayoanzia Do, Mi na Ti zote mbili hushuka hivyo. Fidla na udi hupata sauti hizo kwa kidole, na mpiga kanuni huzipata kwa vibao vidogo vya kugeuza chini ya nyuzi. Kinanda kilicholinganishwa kwa namna ya Kizungu hakina sauti hiyo mpaka ukiambie kuishusha Mi kwa senti 50, ambapo nusu toni nzima ni senti 100.

Tafuta kwanza katika PSR yako menyu ya kubadilisha ulinganifu wa sauti mojamoja, maana vinanda vingi vya familia hiyo vinayo, na huenda umekaa na dawa ndani ya nyumba. Sinthesaiza kubwa nazo zinaweza, tena kwa usahihi mkubwa, lakini mara nyingi uwezo huo umo ndani ya kurasa kadhaa za menyu, na taarabu haikusubiri ufungue kurasa wakati fidla zimekwisha kuhama kutoka bayati kwenda hijazi. Ndiyo maana wapigaji wa muziki wa Kiarabu hununua vinanda vilivyotengenezwa kwa ajili hiyo, kama Yamaha PSR-A5000 au Korg Pa za toleo la Mashariki, ambavyo vimewekewa vitufe vya ulinganifu mbele ya mpigaji. Bei yake ni ndogo kuliko ya Montage. Nikiri kwamba mimi ni katika wale walionung'unika miaka ya 1990 vinanda vilipochukua nafasi ya fidla na akodiani katika taarabu ya kisasa, na sababu kubwa ya manung'uniko yangu ilikuwa hiyo Mi. Iweke mahali pake na wazee watanyamaza.

SWALI: Napiga katika hoteli za Mombasa. Nina Korg Kronos niliyoinunua ikiwa imetumika. Vijana wananicheka kwamba imepitwa na wakati. Pia umeme ukikatika naaibika, kwa kuwa inachukua muda mrefu kuwaka. Niiuze?

JIBU: Usiiuze kwa sababu ya kicheko. Kronos ilitoka mwaka 2011 ikiwa na mitambo tisa ya sauti ndani ya sanduku moja, ikiwamo ya piano, piano ya umeme, ogani, nyuzi za kukokotolewa na FM, na mpaka leo sijamsikia mpigaji akisema amezimaliza. Ukurasa wake wa orodha ya nyimbo, ambao unakuwekea majina makubwa kiooni ili kila wimbo uje na sauti yake kwa mguso mmoja, umetengenezwa kwa ajili ya mtu kama wewe anayepiga nyimbo arobaini kwa usiku. Nautilus, iliyoifuata mwaka 2020, ilipunguza vitelezi na vitufe, na wenye Kronos wengi hawakuona sababu ya kuhama.

Kuhusu umeme, vijana wako hawakukosea. Kronos kwa ndani ni kompyuta, na huchukua dakika mbili au zaidi kabla ya kutoa sauti ya kwanza, ambazo jukwaani ni mwaka. Nunua UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoshika umeme unapokatika, hata ndogo, na uichomeke Kronos peke yake bila spika wala amplifaya. Jenereta ya hoteli itakapowaka utakuwa bado unapiga, hata kama hakuna anayekusikia. Iweke pia mbali na upepo wa bahari. Chumvi na vumbi huingia chini ya funguo na kuziba vipande vya mpira vinavyopokea mguso, na dalili ya kwanza ni ufunguo mmoja kulia kwa nguvu kupita wenzake. Funika kwa kitambaa kila unapomaliza, wala usikiache chombo katika buti la gari juani.

Kuhusu kupitwa na wakati, kumbuka Korg OASYS ya mwaka 2005. Bei yake ilikuwa kiasi cha dola 8,000 za Marekani, na utengenezaji ulisimama mwaka 2009. Miaka miwili baadaye Kronos ilikuja na sehemu kubwa ya uwezo huo kwa chini ya nusu ya bei. Aliyenunua OASYS ili aiuze baadaye alilia. Mpigaji aliyeinunua ili apige bado anapiga. Wewe uliyenunua Kronos ikiwa imetumika ulimwachia mtu mwingine hasara ya kwanza, na sioni kwa nini uitafute hasara ya pili.

SWALI: Ni prodyuza Mwanza. Ninatumia kompyuta na kibodi ndogo ya MIDI, ile ya kuamrisha sauti zilizomo ndani ya kompyuta. Je, studio yangu itaheshimika zaidi nikiwa na Fantom au Montage?

JIBU: Itaheshimika kwa wiki mbili. Wateja wako wanarudi kwa ajili ya biti na uchanganyaji, na sauti nyingi za vinanda hivyo unaweza kuzikaribia ndani ya kompyuta yako. Anza na spika za kusikilizia na kuta zisizorudisha mwangwi. Kama vidole vyako vimechoka na kibodi ndogo, nunua kibodi ya MIDI yenye funguo 88 nzuri, ambayo haina sauti yake yenyewe na bei yake ni sehemu ndogo ya Fantom.

SWALI: Ndugu yangu yuko Marekani na mwingine yuko Muscat. Wote wako tayari kuniletea kinanda. Nimwambie nani?

JIBU: Huyo wa Muscat. Umeme wa Oman ni volti 240, na wetu ni 230, na plagi ya pini tatu ni ileile. Umeme wa Marekani ni volti 120, na baadhi ya vinanda vikubwa hutengenezwa kwa umeme wa nchi vinakouzwa, hivyo ukikichomeka ukutani hapa bila transfoma ya kushusha, kitaungua kabla hujapiga kodi moja. Yeyote utakayemchagua, mwombe akupigie picha ya maandishi yaliyopo nyuma ya kinanda karibu na tundu la umeme kabla hajalipa, na ahifadhi risiti, kwa sababu bandarini au uwanja wa ndege utahitaji kuonyesha thamani yake ili ukadiriwe ushuru pamoja na VAT ya asilimia 18 kwa Tanzania Bara. Fungu hilo la kodi liweke pembeni tangu sasa.